Pesa za Sandukuni ni za Nani?

 Leo twataka kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo wengi hawalitarajii katika kipindi kama hiki. Twataka kuzungumza juu ya kuweka hesabu za biashara.

Pengine mmoja wenu atasema, "Hayo ni mambo ya benki na ya shule za biashara. Yanahusiana nini na maisha ya mwamini?" Twamjibu hivi: katika Injili ya Luka, sura ya 16, yuko wakili aliyeitwa na tajiri wake atoe hesabu ya kazi yake. Hakuulizwa kama alikuwa na shughuli nyingi, wala kama majirani walimpenda. Aliulizwa hesabu. Na kila mtu aliyekabidhiwa mali, iwe ni duka la bati, kibanda cha mboga, mashine ya kushonea au pikipiki ya kubebea abiria, siku moja ataulizwa hesabu: na mkewe au mumewe, na watoto wake, na anayemdai, na dhamiri yake mwenyewe.

Basi swali letu la leo ni fupi. Jioni unapofunga duka, unafungua sanduku la pesa na kuziona noti zimejaa. Pesa hizo ni za nani?

Wengi hujibu upesi, "Ni zangu. Mimi ndimi niliyeshinda hapa tangu alfajiri." Lakini tuziangalie vizuri. Sehemu moja ni ya mwenye duka la jumla, aliyekupa magunia mawili ya unga ukaahidi kumlipa Ijumaa. Sehemu nyingine ni ya mwenye nyumba, ambaye atabisha hodi mwisho wa mwezi. Sehemu nyingine ni sukari, maana sukari uliyouza leo lazima irudi rafuni kesho, la sivyo mteja atakwenda kwa jirani. Sehemu nyingine ni ya kijana anayekusaidia siku za soko, na nyingine ni ya kodi ya serikali. Kinachobaki baada ya hao wote ndicho chako. Huenda kikawa kidogo sana. Huenda kisiwepo kabisa.

Taabu ni kwamba sanduku halisemi. Noti ya faida na noti ya mtaji zina picha ile ile. Ukizitazama tu kwa macho huwezi kuzitenga. Ndiyo sababu wazee wetu walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Yaangalieni sana maneno hayo ya mwisho. Mali ikiibwa, watu hupiga kelele, polisi huitwa, majirani hukusanyika. Lakini mali isiyo na daftari huondoka polepole, mchana, mbele ya macho ya mwenyewe, na hakuna anayepiga yowe.

Kazi hii ya kuandika hesabu si ya jana wala ya juzi. Katika nchi tunayoiita leo Iraki, miaka kama 5,000 iliyopita, watu walikuwa wakitia alama juu ya vibao vya udongo, ili wakumbuke ni shayiri kiasi gani imeingia ghalani na ni kondoo wangapi wametolewa. Hata maneno yetu haya, daftari na hesabu, tuliyapata kutoka lugha ya Kiarabu.

Tena mwaka 1494, katika mji wa Venice huko Italia, mtawa mmoja wa shirika la Mtakatifu Fransisko, jina lake Luca Pacioli, alichapisha kitabu kikubwa cha hesabu. Katika sehemu moja ya kitabu hicho alieleza jinsi wafanyabiashara wa Venice walivyoandika mambo yao. Njia hiyo hakuibuni yeye. Wao walikuwa wakiitumia tangu zamani. Alieleza kwamba kila jambo la biashara huandikwa mara mbili, kwa sababu kila kinachoingia kimetoka mahali. Ukinunua sukari ya shilingi 2,000, sukari imeingia, na shilingi 2,000 zimetoka. Ukiandika upande mmoja na kuusahau wa pili, umeandika nusu ya ukweli. Makampuni na mabenki ya leo yangali yanaifuata njia hiyo. Na mtawa yule aliwashauri wafanyabiashara wafungue vitabu vyao kwa jina la Mungu, kisha waanze kwa kuorodhesha kila kitu walicho nacho na kila deni walilo nalo.

Sasa hatuwaambii ninyi wenye vibanda mwanze kesho kuandika vitabu kama vya benki. Mwenye duka dogo anaweza kuanza na daftari la kawaida la mtoto wa shule na kalamu moja. Lakini yako mambo matano ambayo hapana budi kuyashika.

La kwanza, tenga mfuko wa duka na mfuko wa nyumba. Hapa ndipo biashara nyingi hufia. Mtoto anataka ada, mkono unaingia sandukuni. Mgeni amekuja, mchele na mafuta vinatolewa rafuni. Hatusemi mtoto asisome wala mgeni asile. Twasema kila kinachotoka dukani kwenda nyumbani kiandikwe, kama vile mteja amekichukua. Afadhali zaidi, jiwekee kiasi maalumu cha kuchukua kila juma, kisha ukiheshimu. Na pesa za simu ni pesa vilevile. Tangu M-Pesa ilipoanza hapa Kenya mwaka 2007, biashara nyingi zimekuwa na sanduku la pili ndani ya simu. Mteja akikulipa kwa simu, andika kama vile amekupa noti mkononi. Tena ikiwezekana, namba ya duka isiwe ile ile unayopokelea pesa kutoka kwa jamaa.

La pili, andika kila siku pesa zilizoingia na zilizotoka. Kama una kalamu karibu, chukua mfano huu. Piga mistari upate safu tano: tarehe, maelezo, zilizoingia, zilizotoka, na baki. Asubuhi umehesabu sanduku ukakuta shilingi 10,000. Mchana kutwa umeuza vitu vya shilingi 3,400. Umenunua bidhaa za shilingi 2,800, umelipa shilingi 100 za kubeba mzigo, na umetoa shilingi 300 za mboga na nyama ya nyumbani. Basi 10,000 na 3,400 ni 13,400. Zilizotoka jumla yake ni 3,200. Baki ni shilingi 10,200. Sasa fungua sanduku uhesabu. Ukikuta 10,200, lala usingizi. Ukikuta 10,000, ziko shilingi 200 ambazo hazina maelezo, na jioni hiyo hiyo ndiyo saa ya kuzitafuta, wakati kumbukumbu ingali mbichi. Ukingoja mwezi uishe, hutazipata kamwe.

La tatu, andika madeni, na uyaandike katika orodha mbili. Orodha moja ni ya watu unaowadai, nyingine ni ya watu wanaokudai. Mteja akichukua kitu kwa mkopo, andika pale pale, kabla hajatoka mlangoni: jina lake, tarehe, kitu alichochukua, bei, na siku aliyoahidi kulipa. Kisha atie sahihi. Pengine waona haya kumwambia jirani yako atie sahihi kwa ajili ya kilo moja ya sukari. Lakini wazee walisema: Kukopa harusi, kulipa matanga. Siku ya harusi ndiyo siku ya kuandika, kwa kuwa siku ya matanga kila mtu atakuwa na maneno yake. Wewe utasema ni shilingi 700, yeye atasema ni 400, na tangu siku hiyo mtapitana njiani bila kusalimiana. Deni lililoandikwa vizuri hulinda ujirani kuliko deni lililoachwa moyoni.

La nne, tunza stakabadhi. Kila karatasi unayopewa ununuapo bidhaa, ulipapo kodi ya nyumba, ulipapo leseni au umeme, itie tarehe na kuitunza. Wengine huzitunga kwenye waya, wengine huziweka katika bahasha moja kwa kila mwezi. Njia yoyote ni njema, mradi uweze kuipata unapoitaka. Sheria ya Taratibu za Kodi ya mwaka 2015 yamtaka mlipa kodi atunze kumbukumbu zake kwa miaka 5. Mtu asiye na karatasi hukadiriwa kodi kwa macho ya mtu mwingine, naye hana la kujibu.

La tano, hesabu bidhaa zako mwisho wa kila mwezi. Funga mlango, panda juu ya kiti, hesabu kila kitu kilichomo rafuni, ukikiandika kwa bei uliyonunulia, si kwa bei unayotazamia kuuzia. Kilichooza au kuliwa na panya usikihesabu kama kizima.

Ukiyashika hayo matano, mwisho wa mwezi utaweza kulijibu lile swali letu la mwanzo. Tuchukue mfano wa mama mmoja mwenye duka dogo katika mtaa wowote wa mji wetu. Mwanzo wa mwezi alikuwa na bidhaa za shilingi 40,000, na shilingi 10,000 taslimu. Kwa hiyo mtaji wake ni shilingi 50,000. Hakuwa na deni, wala hakuwa akimdai mtu.

Katika mwezi ule aliuza vitu vya shilingi 90,000 taslimu, na vya shilingi 6,000 kwa mkopo. Jumla ya mauzo ni 96,000. Alinunua bidhaa za shilingi 78,000. Mwisho wa mwezi alihesabu rafu zake akakuta bidhaa za shilingi 36,000. Sasa tukitaka kujua bidhaa alizouza zilimgharimu kiasi gani, twachukua zile za mwanzo, 40,000, tukaongeza alizonunua, 78,000, tukapata 118,000. Tukiondoa zilizobaki, 36,000, twapata shilingi 82,000. Ameuza kwa 96,000 vitu vilivyomgharimu 82,000. Tofauti yake ni 14,000.

Je, 14,000 hizo ni zake? Bado. Kodi ya chumba ni 4,000. Umeme ni 800. Kusafirisha mizigo ni 2,200. Kijana anayemsaidia siku za soko amepata 3,000. Jumla ni shilingi 10,000. Faida yake halisi, kabla hata ya kodi ya serikali, ni shilingi 4,000 tu.

Lakini mama huyu, kwa ajili ya chakula cha nyumbani na ada na mchango wa arusi, alikuwa akitoa sandukuni kidogo kidogo: leo 200, kesho 500. Alipojumlisha alikuta ametoa shilingi 9,000. Alipata 4,000 akala 9,000. Zile 5,000 zilizozidi zilitoka wapi? Zilitoka katika mtaji. Tuhakikishe: taslimu alianza na 10,000, zikaingia 90,000, zikatoka 78,000, na 10,000, na 9,000. Zilizobaki ni 3,000. Bidhaa ni 36,000. Anazodai watu ni 6,000. Jumla ni shilingi 45,000. Alianza na 50,000. Hakuna mwizi aliyeingia, wala hakuna moto uliowaka. Duka lilikuwa na wateja kutwa, na jioni sanduku lilikuwa na noti. Hata hivyo duka limepungua kwa shilingi 5,000, na likiendelea hivyo, miezi 10 itatosha kulimaliza lote. Siku litakapofungwa, majirani watanong'ona kwamba kuna mtu amemroga.

Lakini mama mwenye daftari huiona hatari mwezi wa kwanza, angali na shilingi 45,000 za kujiokoa. Anaweza kupunguza anachochukua. Anaweza kukataa kwa upole kuongeza mikopo hadi zile 6,000 zirudi. Anaweza kuangalia ni bidhaa ipi anaiuza kwa bei isiyoacha kitu. Daftari halileti wateja, wala haliongezi faida hata kwa senti moja. Kazi yake ni kukuambia ukweli mapema, wakati ukweli ungali unaweza kukusaidia.

Kuna mwingine atasema, "Mimi huweka hesabu zangu zote kichwani, wala sijapotea." Ndugu, hatukatai. Wako akina mama sokoni wenye kumbukumbu inayowashinda wasomi. Lakini yako mambo mawili ambayo hesabu ya kichwani haiwezi kuyafanya.

Jambo la kwanza ni kumtetea asiye na hatia. Pesa zikipungua dukani na hakuna daftari, anayeshukiwa ni nani? Ni yule kijana wa kazi. Huenda hakugusa hata shilingi. Huenda zile pesa ulizitoa wewe mwenyewe Jumamosi ukampa fundi wa bomba, ukasahau. Lakini kijana atafukuzwa, na jina la mwizi litamtangulia kila aendako kutafuta kazi. Daftari lililoandikwa kila jioni, likahesabiwa mbele yenu nyote wawili, humlinda mwenye mali na humlinda mtumishi. Tukimwita mtu mwizi kwa sababu ya uvivu wetu wa kuandika, tumemdhulumu, nasi tutaulizwa.

Jambo la pili ni kusema baada ya mwenyewe kunyamaza. Kichwa kikizikwa, hesabu zilizomo huzikwa nacho. Mara ngapi twaona mume mwenye duka akifariki ghafula, na kabla matanga hayajaanuliwa watu wanafika mmoja mmoja kwa mjane. Huyu asema alimkopesha marehemu shilingi 20,000. Yule asema ng'ombe mmoja alikuwa bado hajalipiwa. Na wale waliokuwa wakidaiwa na marehemu wamekaa kimya nyuma kabisa, wakinywa chai. Mjane hajui la kukubali wala la kukataa. Akilipa kila anayedai, watoto watakosa ada. Akikataa wote, huenda akamdhulumu mmoja aliyesema kweli. Lakini kama liko daftari, na ndani yake mna majina na tarehe na sahihi, mjane atalifungua mbele ya wazee na kusema, "Haya ndiyo aliyoyaandika mwenyewe." Hapo madai ya uongo hukoma, na wa haki hulipwa haki yake.

Kwa hiyo twawasihi ninyi waume: wafundisheni wake zenu kulisoma daftari la biashara. Nanyi wake wenye biashara, wafundisheni waume zenu, au mtoto mmoja mkubwa anayeaminika. Daftari linalosomwa na mtu mmoja tu lina kasoro ile ile ya kichwa.

Na kama hukusoma sana, usikate tamaa. Kujumlisha na kutoa ndizo hesabu zote tulizozitumia leo, na mtoto wa shule ya msingi aweza kuzifanya jioni baada ya kazi yake ya shule. Mpe kalamu, wewe mtajie. Naye atajifunza jambo ambalo litamfaa maisha yake yote: kwamba pesa inayopita mikononi mwa mtu si lazima iwe yake.

Basi, wasikilizaji wapenzi, usingoje mwaka mpya wala mwanzo wa mwezi. Jioni ya leo, kabla hujazima taa ya duka, fanya mambo mawili tu. Hesabu pesa zilizomo sandukuni na simuni, uandike tarehe na kiasi. Kisha andika majina ya watu unaowadai na ya wanaokudai, kila jina na kiasi chake. Huo ndio ukurasa wako wa kwanza. Kesho jioni utaandika mstari wa pili, na haba na haba hujaza kibaba.

Ukifanya hivyo kwa uaminifu, itafika siku utafungua sanduku, utatazama noti zilizomo, na mtu akikuuliza ni za nani utaweza kumjibu bila kusita: hizi za mwenye duka la jumla, hizi za mwenye nyumba, hizi za sukari ya kesho, hizi za kodi, na hizi chache ni zangu. Hizo chache utazila kwa amani, na sadaka utakayotoa kutoka kwazo itakuwa sadaka yako kweli, si mali ya mtu mwingine.